Mambo ya kukagua kabla ya kujiunga na chuo cha karate

Na MWANDISHI WETU

MZAZI wa Ndara anayempeleka mwanawe mjini Voi kujifunza karate, taekwondo au judo hugharimika mara mbili: kwa ada ya mwalimu na kwa nauli. Kijana anayetafuta kazi ya ulinzi naye huweka humo matumaini yake.

Endapo mafunzo ni ya uongo, hasara haiishii mfukoni. Mwanafunzi aliyeaminishwa kwamba anaweza kujihami dhidi ya yeyote huenda akamkabili mwenye panga badala ya kukimbia. Kwa hivyo, ni vyema kukichunguza chuo kabla ya kulipa.

Jambo la kwanza ni kufahamu kwamba mkanda mweusi si shahada ya serikali. Ulianza kutumiwa Japani na Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliyefungua chuo chake cha Kodokan mwaka wa 1882. Leo kila chama huutoa kwa masharti yake. Mkanda hauna uzito kushinda aliyeutoa, na dukani huuzwa kwa yeyote mwenye pesa.

Muulize mwalimu alifundishwa na nani, wapi na kwa muda gani. Karate ina mitindo mingi, ikiwemo Shotokan, Goju-ryu, Shito-ryu na Wado-ryu. Mwalimu wa kweli hutaja mtindo wake bila kusita. Kwa taekwondo, vyeti vya mkanda mweusi vinavyotambuliwa na shirikisho la dunia hutolewa na Kukkiwon ya Seoul, Korea Kusini, na huwa na nambari inayoweza kuthibitishwa.

Pili, uliza kuhusu usajili. Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 ilianzisha afisi ya Msajili wa Michezo, ambayo husajili mashirika ya michezo nchini. Hata hivyo, usajili huthibitisha kwamba shirika linatambulika, wala si kwamba kila mwalimu aliye chini yake anajua kufundisha.

Hilo utalijua kwa kuketi na kutazama kipindi kizima. Mwalimu anayekataa wageni wasitazame, au anayetaka ada ya mwaka mzima kabla hujaona lolote, anakupa sababu ya kuondoka.

Ukiwa hapo, tazama iwapo wanafunzi hupasha misuli moto na iwapo mwalimu humrekebisha mmoja mmoja. Katika judo, anayeanza hufunzwa kwanza namna ya kuanguka bila kuumia. Ukiona wageni wakitupwa chini siku ya kwanza pasipo mkeka wala mafunzo hayo, mtoe mwanao.

Muhimu zaidi ni mazoezi na mwenzako anayekupinga kwa dhati. Kurusha ngumi hewani hufunza umbo na pumzi, lakini hakumwandai mtu kukabiliana na anayesogea, anayekwepa na anayerudisha pigo. Kano aliyapa mazoezi ya aina hii nafasi kubwa katika judo. Chuo kisichoyafanya kamwe hufunza maonyesho tu, ilhali kinachoyafanya kwa ngumi na mateke bila vifaa vya kujikinga hucheza na maisha ya watu. Mwanafunzi aliyegongwa kichwani akaona kizunguzungu hana budi kuacha mazoezi siku hiyo na kumwona daktari.

Jihadhari pia na ahadi tamu. Anayefanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki aghalabu huchukua miaka mitatu hadi mitano, au zaidi, kufikia mkanda mweusi. Anayekuahidi kwa miezi michache anauza kitambaa. Mitihani ya kila mara yenye ada mpya kila rangi ya mkanda ni dalili nyingine. Omba orodha ya malipo yote mapema.

Kuna pia wanaowavutia wazazi kwa ndoto ya Olimpiki. Karate ilishindaniwa mara moja tu, katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Haikuwepo Paris 2024, wala haimo katika ratiba ya Los Angeles 2028. Judo na taekwondo ndizo zimesalia.

Kwa upande mwingine, usikidharau chuo kwa kuwa kidogo au kwa kuwa mbali na jiji. Faith Ogallo, aliyeiwakilisha Kenya katika taekwondo jijini Tokyo, aliujua mchezo huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma. Ukumbi wa kijiji wenye mwalimu mwaminifu ni bora kuliko jengo la vioo lenye tapeli.

Kwa watoto, sharti moja halina mjadala: mzazi awe huru kuingia wakati wowote. Mwalimu anayemtaka mtoto faraghani, anayemchapa au kumtukana kwa kisingizio cha nidhamu, hafai, hata awe na mikanda kumi.

Mwishowe, waulize wanafunzi wa zamani walichopata na kilichowafanya waondoke. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu bora hatakuambia kwamba utawashinda watu watano kwa mpigo. Atakuambia kwamba ukiweza kukimbia, kimbia.