Mtiririko Stahiki wa Mto: Istilahi na Sera

Sera nyingi za maji zinazoandikwa siku hizi huwa na kifungu kinachotaka mto uachiwe maji yake. Kwa Kiingereza maji hayo huitwa environmental flow. Wataalamu waliokutana Brisbane, Australia, mwaka 2007 waliieleza dhana hiyo kwa mambo matatu: kiasi cha maji, majira yake na ubora wake, ili mto uendelee kutunza viumbe wake pamoja na riziki za watu wanaoutegemea. Kwa Kiswahili dhana hii ina majina kadhaa, na hakuna hata moja linalobeba uzito wake wote. Madhara ya upungufu huo ni makubwa, kwa kuwa jambo lisilotajwa katika jina husahauliwa upesi na anayeandika kibali, na hatimaye na anayefungua lango la mfereji.

Tulitazame suala hili pale linapouma, katika Mto Ruaha Mkuu nchini Tanzania. Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mito mingine huteremka kutoka nyanda za juu, hulisha mashamba ya mpunga ya Usangu, kisha huingia katika ardhioevu ya Ihefu. Maji hutokea kwenye kizingiti cha mwamba kiitwacho Ng'iriama, yakaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuendelea hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Hubaki mchanga na madimbwi. Viboko hubanana humo kwa makumi, kinyesi chao hugeuza maji kuwa uji mzito, na samaki hufa kwa kukosa hewa.

Jina linalosikika zaidi vikaoni ni maji ya mazingira. Ni fupi na jepesi mdomoni, lakini linayapanga mazingira kwenye foleni kama mtumiaji mmojawapo, nyuma ya mkulima, mfugaji na mtambo wa umeme. Mkulima wa Mbarali akiambiwa apunguze maji shambani ili mazingira yapate, ana haki ya kuuliza hayo mazingira ni nani. Jibu la kweli ni mvuvi wa Mtera, mama wa kijiji cha chini anayechota maji ya kupikia, na mitambo ya Mtera na Kidatu yenye uwezo wa megawati 80 na 204. Jina hilo linawaficha wote hao.

Jina la pili, akiba ya mazingira, limetoka kwenye sheria. Sheria ya Maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 ilitenga fungu la mahitaji ya msingi ya binadamu na fungu la ikolojia, yote yakitangulia vibali. Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilikwenda njia hiyohiyo: kwanza mahitaji ya msingi ya watu, pili mazingira, kisha mengine yote. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaupa mpangilio huo nguvu. Hatua hiyo inastahili heshima. Ila akiba, kwa mazoea yetu, ni kitu kinachowekwa kando kikatulia, kikisubiri siku ya shida. Maji ya mto yakitulia yanaoza. Tena siku ya shida ikifika, cha kwanza kuguswa ni akiba, ilhali mwaka wa ukame ndio mwaka ambao mto hauwezi kabisa kupunguziwa.

Lipo pia mtiririko wa chini kabisa. Mwaka 1976 mtaalamu wa Marekani, Donald Tennant, alipendekeza kwamba asilimia 10 ya wastani wa mtiririko wa mwaka ni kiwango cha kuwanusuru viumbe wengi wa majini kwa muda mfupi tu. Kipimo hicho kilipendwa kwa wepesi wake. Lakini mto hauishi kwa maji machache yanayolingana mwaka mzima. Kule chini, katika Mto Rufiji unaopokea maji ya Ruaha, mafuriko ya masika huacha udongo wenye rutuba, na yakipungua wakulima hupanda mazao ya mlau kwenye unyevu uliobaki. Mikoko na kamba wa delta nao hutegemea maji baridi hayohayo. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, sasa lina uwezo wa kuyashika mafuriko hayo. Kwa kipimo cha chini peke yake, mafuriko yanaweza kutoweka kabisa na bado ikaandikwa kwamba masharti yametimizwa.

Kwa sababu hizo napendekeza mtiririko stahiki. Mfanyakazi anayedai stahiki zake haombi hisani: anadai chake, kwa kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana, na mwajiri hawezi kumwambia asubiri kitakachobaki. Neno mtiririko nalo linatukumbusha kwamba maji haya hayana budi kutembea. Jina hili linapokea majira bila taabu: mtiririko stahiki wa kiangazi, mtiririko stahiki wa masika. Zaidi ya yote, linamlazimu anayelitamka aseme stahiki hiyo ni kiasi gani, na nani anawajibika kuiachia.

Maswali hayo ndiyo yaliyokosa majibu Ruaha. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufikia mwaka 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Baadaye wafugaji na mifugo yao wakaondolewa Usangu, na eneo lao likaingizwa katika hifadhi. Mwaka 2010 ukapita, mto ukaendelea kukauka. Utafiti wa kihaidrolojia ulikuwa umeshaonyesha ugumu ulipo: ili Ng'iriama ipitishe mita za ujazo 0.5 tu kwa sekunde wakati wa kiangazi, Ihefu inahitaji kupokea takriban mita za ujazo 7, karibu mara mbili ya zilizokuwa zikiingia, kwa sababu sehemu kubwa hupotea kwa mvuke na mimea. Ahadi isiyogawanywa kwa kila banio la mfereji haiwezi kuzaa mita hizo 7.

Mageuzi ya sera yaanzie hapo. Kwanza, kibali cha kutumia maji kisitaje kiasi kimoja cha lita kwa sekunde kwa mwaka mzima. Kitaje sehemu ya maji yaliyopo mtoni kwa majira husika, ili mto ukipungua na mfereji upungue. Pili, kila banio liwe na kipimo kinachosomeka na Jumuiya ya Watumia Maji, na mtiririko stahiki uandikwe hapo kwa Kiswahili. Tatu, vijiji vya Usangu vipatiwe visima au maji ya bomba. Mifereji mingi imekuwa ikibeba maji kiangazi chote, hata mpunga ukishavunwa, kwa kuwa ndiyo inayowapatia watu maji ya nyumbani. Mengi hupotelea njiani. Kumwambia mama afunge mfereji kabla hajapewa bomba ni kukiuka kipaumbele cha kwanza cha sera yenyewe.

Wizara ya Maji na Baraza la Kiswahili la Taifa waikubali istilahi moja, waifasili kwa kiasi, majira na ubora, na waiweke katika sheria, kanuni na kila kibali cha bodi za mabonde. Msimamizi wa banio akijua kwamba mwezi Agosti lango lake halina budi kuachia lita kadhaa kwa sekunde, naye mvuvi wa Mtera akaijua hesabu hiyohiyo, mto utakuwa na mashahidi wa kuudaia haki yake.