Udongo wa Changarawe Chini ya Jiwe Linalolia, Ilesi

Jiwe Linalolia, au Ikhongo Murwi, limesimama kando ya barabara ya Kakamega–Kisumu, kimo chake takriban mita 40. Kila mgeni hulitazama juu. Aangalie na chini.

Udongo wa hapa ni mtoto wa mwamba wenyewe, mwamba wa itale. Mvua na jua huumegua polepole: madini ya feldispa hugeuka udongo laini wa mfinyanzi, ilhali punje za kwatzi, zilizo sugu, hubaki changarawe. Chota kiganja kimoja, ulowanishe, ufikiche: vidole vinanata na punje zinakwaruza ngozi. Karibu na mwamba tabaka hili ni jembamba, jembe hugonga jiwe mapema. Siku chache za jua kali hulikausha, hata katika Kakamega hii inayopata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka.

Kwenye malisho makavu ya Kaunti ya Baringo hali ya udongo ni ngumu zaidi. Nyasi zikiisha huko, mvua ya kwanza husomba udongo.

Ili hapa pasiwe hivyo, tafadhali pita njiani tu. Mizizi ya nyasi za mteremko huu ndiyo inayoushika udongo.