Oman na ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa nchi za baridi

Wattaya ni mtaa wa Muscat ulioko kati ya Ruwi na Qurum. Hapo ndipo ilipo hospitali ya Khoula, inayojulikana nchini Oman kuwa kituo cha taifa cha upasuaji wa ubongo. Majalada ya hospitali hiyo, pamoja na ya hospitali nyingine mbili kuu za Muscat, yamehifadhi sehemu kubwa ya historia ya maradhi ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa hayana makao katika nchi za Ghuba.

Maradhi hayo ni sklerosisi ya sehemu nyingi, maarufu duniani kwa herufi mbili, MS. Kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando unaoifunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mwanamke wa kati ya miaka 20 na 40, huona ukungu katika jicho moja, au mguu hufa ganzi. Baada ya wiki kadhaa dalili hupungua au hutoweka, naye hudhani amepona, hadi siku zinaporudi kwa sura nyingine. Si ugonjwa wa kuambukiza.

Tabibu Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, mjini Paris, ndiye aliyeueleza kwa ukamilifu mwaka 1868. Karne moja baadaye, mtafiti wa Kimarekani John Kurtzke aliigawa dunia katika kanda tatu. Penye wagonjwa 30 au zaidi kwa kila watu 100,000, kama Ulaya ya kaskazini, paliitwa kanda ya juu. Penye chini ya 5, kanda ya chini. Afrika na sehemu kubwa ya Asia ziliwekwa chini. Ramani hiyo ilikuwa na manufaa yake, lakini ilikuwa na hatari pia: daktari aliyefundishwa kwamba maradhi fulani hayapo kwao hana sababu ya kuyatafuta.

Na nchini Oman, nani angeyatafuta? Kabla ya mwaka 1970 tiba ya kisasa ilitegemea zaidi hospitali za wamisionari wa Kimarekani huko Matrah na Muscat. Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai mwaka huo, ujenzi ulianza karibu kutoka mwanzo. Waomani wengi waliokuwa Zanzibar na Afrika Mashariki, na waliotawanyika baada ya mapinduzi ya Januari 1964, walirejea na Kiswahili chao, na wale waliosoma waliingia katika ofisi, shule na hospitali mpya. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos ilifunguliwa mwaka 1990.

Hapo ndipo hesabu ilipowezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliotegemea wagonjwa wa miaka ya 1990, ulikadiria wagonjwa 4 kwa kila watu 100,000. Kwa nchi ambayo sensa ya mwaka 2003 ilihesabu watu takriban milioni 2.3, hao hawafiki 100. Ramani ya Kurtzke ilionekana kuthibitika. Lakini hesabu iliyofuata, iliyokusanya majalada ya Khoula, Hospitali ya Kifalme na hospitali ya chuo kikuu hadi mwaka 2019, ilipata takriban 16, mara nne ya ile ya kwanza. Kuwait nayo ilipanda kutoka karibu 15 mwaka 2000 hadi 85 mwaka 2011.

Je, ugonjwa umeongezeka, au macho yamefunguka? Yote mawili yanawezekana. Mashine ya MRI huonyesha makovu ya ubongo ambayo zamani hayakuonekana mgonjwa akiwa hai, na vigezo vya uchunguzi vilivyotangazwa mwaka 2001 vilifupisha safari ya kuutambua ugonjwa. Hata hivyo maisha nayo yamebadilika. Watu wa Ghuba, wenye jua tele, wengi wao wana upungufu wa vitamini D, kwani joto na mavazi huwaweka mbali na miale yake. Na upungufu huo umehusishwa na MS. Mwaka 2022 uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani ulionyesha kwamba walioambukizwa virusi vya Epstein-Barr walikuwa katika hatari mara 32 zaidi. Virusi hivyo, lakini, vimeenea karibu kila mahali, na wengi wanaovibeba hawaugui MS kamwe.

Kwa mgonjwa wa Muscat tarakimu hizi si mchezo wa wataalamu. Joto huzidisha dalili kwa muda, na mwezi Juni joto la mji huo hupita nyuzi 40. Anayelalamika kuchoka na kuona giza wakati huo ataambiwa ni jua, au ni husuda. Na maadamu takwimu zinasema wagonjwa ni wachache, ni vigumu kuishawishi hazina kununua dawa za gharama kubwa ambazo hupunguza mashambulizi lakini haziponyi.

Upande wa pili wa bahari mashine za MRI ni chache, na nyingi ziko katika miji mikubwa. Takwimu za kimataifa za mwaka 2020 zilikadiria wagonjwa milioni 2.8 duniani: 133 kwa kila watu 100,000 barani Ulaya, na 5 barani Afrika. Ni tarakimu inayokaribiana sana na ile iliyopatikana Oman katika miaka ya 1990.