Farasi Wangapi Waitosha Mashua?

Kabla ya mashine kutundikwa kwenye tezi, chombo kidogo kilikuwa na nyenzo tatu za mwendo: tanga, kasia na subira. Aliyetoka Lamu kwenda Pate kwa njia ya Mkanda alijua kwamba maji yakimtoroka atakaa juu ya tope baina ya mikoko hadi yajae tena. Kwa hivyo alisafiri kwa hesabu ya bamvua na maji mafu, si kwa hesabu ya saa. Mashine ilipokuja iliigeuza hesabu hiyo, lakini ikazaa suala jipya ambalo hadi leo linawagharimu watu fedha, na mara nyengine roho. Iwe ya ukubwa gani?

Kipimo chenyewe kilizaliwa mbali na bahari. Katika miaka ya 1780 James Watt, fundi wa Kiskoti, alitaka kuwauzia wenye viwanda injini zake za mvuke, nao walikuwa wamezoea kuzungusha mitambo yao kwa farasi. Akaipima kazi ya farasi wa kinu, akaifanya kuwa kizio, na kizio hicho leo ni sawa na wati 746 hivi. Lau angezaliwa katika pwani hii, ambako vinu vya mafuta ya ufuta vilizungushwa na ngamia, huenda madukani tungeulizwa tunataka mashine ya ngamia wangapi.

Wazo la kuwapandisha farasi hao juu ya tezi halikuwa la mtu mmoja. Cameron Waterman wa Detroit alipata hataza ya mashine yake mwaka 1907. Lakini jina lililoenea ni la Ole Evinrude, aliyezaliwa Norway mwaka 1877 na kukulia Wisconsin, Marekani. Yasimuliwa kwamba siku moja ya joto ya mwaka 1906 alipiga makasia kuvuka ziwa ili amletee aiskrimu Bess Cary, aliyekuja kuwa mkewe, na aiskrimu ikayeyuka njiani. Iwapo kisa hiki kimetiwa chumvi, chumvi yake ni tamu. Lililo yakini ni kwamba mwaka 1909 Evinrude alianza kuuza mashine ya nguvu farasi moja na nusu, yenye uzito wa kilo 28 hivi.

Msomaji aliyezoea kuziona mashine za farasi 40 bandarini atashangaa. Moja na nusu ilitosha vipi?

Jawabu lilikuwa limekwisha patikana miaka mingi kabla, kwa juhudi za Mwingereza William Froude, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1810. Froude aliburura vigezo vidogo vya meli majini, akipima ukinzani wa maji kwa kila umbo na kila kasi, na mwaka 1872 akawa na birika lake maalumu la majaribio huko Torquay. Alifariki Simon's Town, Afrika ya Kusini, mwaka 1879. Kazi yake ndiyo iliyoonyesha kwa hesabu jambo ambalo mabaharia walikuwa wakilihisi tu: chombo kinachokata maji hujitengenezea wimbi, na kadiri kinavyokwenda kasi ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, hata likalingana na urefu wa chombo chenyewe. Hapo omo huwa juu ya mgongo wa wimbi moja na tezi juu ya la pili, nacho kimenaswa katika bonde alilolichimba mwenyewe nahodha. Chombo chenye urefu wa mita 6 penye mstari wa maji hufikia mpaka huo kwenye maili 6 za bahari kwa saa; cha mita 9, maili 7 na kidogo.

Wapenzi wa ushairi hawatataabika kulielewa hili. Mshororo una mizani yake, na anayeusukumia silabi zaidi hapati mshororo bora, ila hupata ulioharibika. Tofauti ni kwamba shairi halinywi petroli. Hata kabla ya mpaka huo, kuizidisha kasi mara mbili huhitaji nguvu mara nane hivi, na ukaribiapo huhitaji zaidi. Mashua inayokwenda maili 3 kwa farasi mmoja haitakwenda 6 kwa farasi wawili. Mwenye kuifunga farasi 25 ataiona tezi ikizama, omo ikipanda, na moshi ukizidi, huku mwendo ukibaki karibu pale pale. Mashine ya mikupuo miwili ikipelekwa kwa nguvu zake zote hunywa karibu nusu lita kwa kila farasi kwa saa. Ndipo samaki wa leo huwa petroli ya kesho.

Mkanganyiko umeletwa na boti za faiba, pana na nyepesi chini, ambazo zikipewa nguvu ya kutosha hulipanda wimbi lao na kuteleza juu ya maji. Hizo ni kabila jengine. Mashua ya mkuku, nzito, yenye mbavu za mbao, haitelezi, na kuipa mashine ya jirani mwenye faiba ni kumvisha mzee kanzu ya mtoto.

Hata hivyo, uchache nao una hatari yake. Farasi mmoja na nusu wa Evinrude walilitosha ziwa. Kwenye mlango wa bahari, mkondo wa bamvua ukitoka na kusi likija usoni, mashine dhaifu huunguruma tu na chombo hurudi nyuma kuelekea mwambani. Kwa hivyo wasafiri wa vyombo vidogo vya tanga wamezoea kukisia farasi 3 au 4 kwa kila tani, watu na mizigo wakiwemo. Mashua ya tani moja na nusu basi hutoshwa na 5 au 6.

Na idadi ya farasi si neno la mwisho. British Seagull, mashine ya Kiingereza iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931, ilikuwa na nguvu chache, lakini rafadha yake ilikuwa pana na ikizunguka polepole, ikiyashika maji kama kafi la mtu mzima. Rafadha ndogo yenye mbio huyakoroga tu. Urefu wa mguu wa mashine pia huamua. Mguu mfupi, wa sentimita 38 hivi, ukitundikwa kwenye tezi ndefu, hutoka majini kila wimbi linapopita, na rafadha hula upepo wakati ule ule inapohitajika. Wa sentimita 51 hubaki chini.

Kampuni ya BRP, iliyokuwa ikimiliki jina la Evinrude, iliacha kutengeneza mashine hizo mwaka 2020. Utengenezaji wa Seagull ulikuwa umekoma tangu miaka ya 1990, ila nyingi, zenye matangi ya shaba nyeupe na kamba ya kuzungushia kwa mkono, bado huwaka.