Rubondo: Sokwe Waliorudi Msituni

Kutoka mtaa wa Tena, Nairobi, safari ni ya basi hadi Mwanza kupitia Isebania, kisha barabara ya Geita na boti. Kisiwa cha Rubondo kiko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Sehemu yake kubwa ni msitu, nacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977.

Kati ya 1966 na 1969, mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta hapa sokwe 17. Walikuwa wamekamatwa Afrika wakiwa wachanga, wakafugwa Ulaya. Hawakufundishwa upya kujitafutia riziki: vizimba vilifunguliwa, wakaingia msituni. Wengi waliweza, jambo ambalo wachache wangeliamini. Vizazi vyao leo husuka viota vya matawi kila jioni, na si kila mgeni anayebahatika kuwaona.

Mwenyeji halisi ni nzohe, swala wa vinamasi. Kwato zake ndefu hutanuka, asizame topeni. Tembo na twiga waliletwa, simba hawapo.

Mwenye mafua asiwafuate sokwe. Maradhi ya binadamu huwaambukiza, na huweza kuwaua.