Sukari ya Mkimbiaji

Mwaka 1980, kwenye Olimpiki ya Moscow, Watanzania wawili walipata medali za fedha: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Sisi wa Kasesya, mpakani na Zambia, tulizipata habari hizo kwa redio. Mwaka huohuo kilo moja ya sukari ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa siku kadhaa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na fedha za kigeni hazikuwapo. Sukari ikitoka Sumbawanga kuja kwetu ilifika kama mgeni, bila kutoa taarifa. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na aliyekutwa na magunia uvunguni alikuwa na kesi ya kujibu.

Wazee walituambia kwamba utamu ni wa watoto na wa wageni. Kwa mkimbiaji, ndugu msomaji, si hivyo hata kidogo. Katika mbio ndefu za Boston za mwaka 1924, madaktari walipima damu za wakimbiaji walipomaliza. Waliofika hoi, wamepauka na kuchanganyikiwa, ndio waliokutwa na sukari kidogo mno mwilini. Mwaka uliofuata wakimbiaji walipewa peremende njiani, na wakafika wakiwa na hali njema.

Mwaka 1966 Wasweden wawili, Bergström na Hultman, walijifanyia jaribio wenyewe: walipanda baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka nguvu zikaisha. Kisha wakala vyakula vya wanga kwa siku tatu, huku wakitoa vipande vidogo vya misuli kwa sindano. Mguu uliochoka ulijaza akiba yake ya sukari kupita kiasi cha awali. Ule uliopumzika ulibaki karibu vilevile. Mwaka 1988 utafiti wa Ivy na wenzake ukaonyesha kwamba anayekula wanga mara tu baada ya mazoezi hujaza akiba hiyo upesi kuliko anayengoja saa mbili. Haraka hiyo ina maana zaidi kwa anayekimbia tena siku hiyohiyo. Anayeshinda kitini haimhusu, na kisukari hakina huruma.

Wakenya hawakungoja maabara. Wakimbiaji wao wakitoka mazoezini hunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Sisi tulikuwa na togwa: uji uliopoa kidogo, ukatiwa kimea cha ulezi, nacho kikaugeuza wanga kuwa sukari hata ukakolea utamu pasipo kijiko cha dukani. Nadhani hatukuipa togwa heshima yake, kwa sababu haikuhitaji kibali cha mtu yeyote.

Shuleni kwetu miaka hiyo, zawadi ya mshindi wa mbio za kilomita kumi ilikuwa nusu kilo ya sukari, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Rafiki yangu aliishinda asubuhi moja ya baridi ya Juni, miguu mitupu. Akaipeleka kwa mama yake kwa mikono miwili. Mama akashukuru, akaifungia sandukuni kwa ajili ya wageni, akamchotea mwanawe togwa kwenye kata. Akanywa kata tatu akiwa amesimama. Nusu kilo ile ilidumu hadi Krismasi.