Aliugua kwa Muda Mrefu

Katika misiba ya Mbeya na Iringa miaka ya 1990, wasifu wa marehemu ulikuwa na maneno yaliyojirudia hadi yakawa kama sehemu ya ibada: "Aliugua kwa muda mrefu." Msomaji akifika hapo hushusha sauti, chini ya turubai watu huinamisha vichwa, na daftari la rambirambi huendelea kuzunguka. Jina la ugonjwa liliachwa mitaani, na huko nako lilifichwa: marehemu "alikanyaga miwaya".

Ukimwi ulibainika nchini mwaka 1983, Kagera, na kufikia 1986 hakuna mkoa uliosalimika. Huku Nyanda za Juu Kusini ulifuata barabara kuu ya Zambia. Malori yalilala Makambako, yakalala Mbeya, yakasota Tunduma yakingoja forodha. Upimaji wa kitaifa wa 2003-04 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wana virusi. Mbeya ilikuwa 13.5, Iringa 13.4. Miaka minne baadaye Mbeya ilishuka hadi 9.2. Iringa, ambayo bado ilikuwa na Njombe na Makete ndani yake, ilipanda hadi 15.7 na kuongoza nchi nzima.

Mimbarani wengi walihubiri adhabu ya Mungu, na wagonjwa waliosikia hayo wakajifungia ndani. Lakini Jumapili haikuwa wiki nzima. Mwaka 1991 kilianza KIHUMBE, Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya, kuwafuata wale ambao hospitali imewarudisha nyumbani. Uuguzi wa aina hiyo ni ndoo, sabuni, glavu, uji mwepesi. Ni kumgeuza mtu kitandani asipate vidonda, na kuanika shuka kabla ukungu haujashuka. Mimi imani ya miji hii naitafuta kwenye ndoo hiyo kuliko kwenye mahubiri.

Ndoa nazo zikabadilika. Makanisa mengi yakataka wachumba wapime kwanza. Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu. Likisomwa la kwanza, la pili lisisikike, usharika mzima ulijua kuhesabu.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Hata hivyo, mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alipotoa kwa shilingi 500 kikombe cha dawa aliyosema huponya hata Ukimwi kijijini Samunge, Loliondo, watu wa kusini nao walifunga safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wapo waliorudi wakaviacha vidonge. Wengine walikunywa kikombe na vidonge wakaendelea navyo, wasione ugomvi wowote kati ya viwili hivyo.

Siku hizi, kwenye mkesha wa maombi, saa 3 usiku simu moja hulia kwenye benchi la nyuma, kisha nyingine. Mtu huizima, huchukua chupa yake ya maji, hutoka nje kidogo, hurudi. Kwaya haikatizi wimbo.